Sita Pointi Nane

Kliniki nyingi za wajawazito hapa kwetu zina swali linalotangulia kipimo chochote: mwenzako yuko wapi? Nia ni njema. Waje wawili, wapime virusi vya UKIMWI pamoja, baba asikie kwa masikio yake kwamba nyumbani kunatakiwa chandarua, nauli ya dharura na mboga ya maana. Asiye na mwenza huambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba yuko peke yake. Mwanamke wa miaka 30 atasonya, ataifuata barua, atarudi nayo. Binti wa miaka 16, ambaye mama yake mzazi bado hajui kitu, hawezi kwenda kumweleza mwenyekiti, maana mwenyekiti ndiye anayecheza bao na baba yake kila jioni. Anageuza njia, anarudi nyumbani, anakaza kanga tumboni, na wiki zinakwenda.

Hii ni makala ya upungufu wa damu, na sijapotea njia. Kwa mabinti wadogo shida hii hukomaa katika hizo wiki zinazokwenda.

Mimi nina duka la dawa muhimu Mwanza mjini. Si daktari wala muuguzi. Nimepata mafunzo ya kuhudumia dukani, nasoma karatasi zinazokaa ndani ya maboksi, na nina mdomo wa kuuliza. Binti ninayemsimulia ni wa kaka yangu, wazazi wake wanaishi kijiji kimoja cha Sengerema kando ya ziwa. Ameyasoma yote niliyoandika hapa, kuna mambo akataka nitoe, nimetoa. Jina lake halimo.

Alikuwa kidato cha pili. Aliyempa mimba alikuwa kijana wa mwaloni, mvuvi wa dagaa, naye si mzee, ana miaka ishirini na kidogo. Siku aliyoambiwa, jibu lake la kwanza halikuwa kukana. Lilikuwa hesabu: miaka 30. Tangu sheria ya elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na hilo hata asiyejua kusoma huko mwaloni analijua. Baada ya siku chache akawa amehamia visiwani na simu yake haipatikani. Sisemi sheria ifutwe. Mtoto wa shule ni mtoto wa shule, na wanaume wazima waliozoea kuwanunulia chipsi na kuwabeba kwenye pikipiki wanastahili kuiogopa. Ninachosema ni kwamba binti akabaki na mwanamume asiyeweza kutajwa, na kliniki ikataka atajwe.

Alifika mlangoni mwa zahanati mapema tu, kabla tumbo halijaonekana. Alikwenda akiwa amevaa nguo za nyumbani ili asitambulike kuwa mwanafunzi. Akaulizwa mwenza, akasema yuko safarini. Akaambiwa basi alete barua. Hakurudi tena hadi alipogunduliwa.

Na aliyemgundua, wifi yangu, hakuanza kuona tumbo. Alikuta udongo. Ule udongo wa kula wanaouita pemba, vipande vya kijivu vinavyouzwa sokoni kwa bei ya pipi, ulikuwa umejaa kwenye mfuko wa ndani wa begi la shule. Wanawake wanajua maana yake, hata kama kila mtu anaeleza kivyake. Mwili wenye upungufu wa madini chuma unaweza kuamsha uchu wa ajabu: udongo, mchele mbichi, mkaa, barafu. Ubaya ni kwamba udongo wenyewe unaweza kukamata yale madini kidogo yaliyomo kwenye chakula yakapita bila kuingia mwilini, na ukiokotwa pachafu unaleta na mayai ya minyoo. Binti anatafuna kinachomwita, na kinachomwita kinazidi kumkausha.

Dalili nyingine zilikuwa wazi kwa mtu yeyote, ila kila mmoja alikuwa na jina lake. Akipanda kilima na ndoo anasimama mara mbili kuhema: uvivu. Anasinzia darasani: simu usiku. Midomo imekuwa myeupe: mbona umependeza siku hizi, umekuwa mweupe. Moyo unamwenda mbio akiwa amelala chali, hilo hakumwambia mtu. Alidhani ndivyo mimba zilivyo.

Walipompeleka kituo cha afya, safari hii na mama yake na bila barua yoyote, wakamtoboa kidole. Muuguzi akasoma mashine, akasoma tena, akaandika kwenye kadi: 6.8. Mimba ilikuwa ya wiki 31. Wifi akanipigia simu akasema neno moja, "Sita pointi nane, wifi," kisha akaniuliza kama hiyo ni nyingi.

Kwa mjamzito, wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na hapo watu wanaacha kuzungumzia mchicha na kuanza kuzungumzia gari la wagonjwa.

Na upungufu wenyewe si ugeni. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliopima wanawake nchi nzima ulikuta asilimia 57 ya wajawazito wa Tanzania wana damu pungufu. Wengi kuliko wasio nayo! Utafiti huohuo ulikuta asilimia 27 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Kufikia ule wa mwaka 2022 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 22. Imeshuka, ni kweli, lakini bado ni zaidi ya binti mmoja katika kila watano.

Tatizo ni kubwa kwa wajawazito wote, lakini linamkamata mdogo kwa namna ya peke yake. Mimba moja, kuanzia mwanzo hadi kujifungua, inadai kama miligramu 1,000 za madini chuma. Karibu 300 zinakwenda kwa mtoto na kondo la nyuma. Karibu 500 zinakwenda kutengeneza damu ya ziada ya mama mwenyewe. Zilizobaki ni zile mwili unazopoteza kila siku. Damu ya mjamzito inaongezeka sana, lakini sehemu ya majimaji inaongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kama mchuzi ulioongezwa maji wageni walipobisha hodi. Ndiyo maana hata mjamzito mwenye afya kipimo chake hushuka kidogo, na ndiyo maana mpaka wake ni 11 wakati wa mwanamke asiye na mimba ni 12.

Mwanamke mtu mzima anayekula vizuri huingia kwenye mimba na akiba kidogo. Binti wa miaka 16 hana akiba. Ametoka kurefuka juzi, misuli imeongezeka, damu imeongezeka, kila kitu kimechota chuma kutoka ghala moja. Juu ya hapo amekuwa akipata hedhi kwa miaka mitatu au minne, na kila mwezi chuma kingine kinatoka. Kuna mabinti wengi ambao damu yao imeshapungua kabla ya mimba, wanazunguka nayo shuleni, wanaitwa wazembe. Mimba inapokuja inadai kwenye ghala tupu, huku mama mwenyewe naye bado hajamaliza kukua.

Halafu kuna malaria, na hapa Kanda ya Ziwa hatuwezi kuipita. Vimelea vya malaria vina tabia ya kujificha kwenye kondo la nyuma, na mwili wa mama hujifunza kupambana nao huko mimba baada ya mimba. Mimba ya kwanza haina mafunzo hayo. Kwa hiyo hata binti aliyezaliwa na kukulia kwenye mbu, ambaye homa zimemzoea tangu utotoni, akipata mimba ya kwanza anarudi kuwa mgeni wa malaria. Anaweza asiwe na homa kabisa, vimelea viko kwenye kondo, vinavunja chembe nyekundu kimyakimya. Dawa ya kuzuia hilo ipo, ni SP, vidonge vitatu vinavyomezwa kliniki mbele ya muuguzi, kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapokwisha, kisha kila baada ya mwezi, angalau mara tatu hadi kujifungua. Binti wa kaka yangu hadi wiki ya 31 hakuwa amemeza hata mara moja. Chandarua cha kliniki hakuwa amepewa. Dawa ya minyoo hakuwa amepewa, naye anaishi mahali ambapo watoto wanatembea pekupeku kwenye udongo wenye minyoo ya safura, wanaoga ziwani penye kichocho, na minyoo hiyo na kichocho vyote viwili vinamwaga damu.

Ukihesabu utaona kwamba karibu kila kitu kinachomkinga binti dhidi ya upungufu wa damu kimewekwa nyuma ya mlango mmoja, mlango wa kliniki. Vidonge, SP, chandarua, dawa ya minyoo, kipimo chenyewe. Ndiyo maana nimeanza na barua ya mwenyekiti.

Watu wa mjini huniuliza: wanaishi kando ya ziwa, wanakula samaki, damu inapunguaje? Waende wakaone. Sangara mzuri anakwenda kiwandani, minofu inapanda ndege, kijijini wanabaki na mapanki, mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Dagaa wanaanikwa, wanapakiwa, wengine wanaishia kuwa chakula cha kuku. Sahani ya nyumbani ni ugali, mara nyingi wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, ambao hauna chuma cha kusema, na mlenda au nsansa, mboga ya majani iliyokaushwa. Samaki akiwepo, kipande cha katikati ni cha baba, wavulana wanafuata, na binti aliyepika anapata mkia na mchuzi. Asubuhi ni chai ya rangi na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mboga za majani zina chuma, ndiyo, lakini ni kile ambacho mwili unakichukua kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula inakizuia zaidi. Limau, chungwa, embe au nyanya mbichi vingekisaidia kuingia. Chai ingesubiri saa moja au mbili. Wifi yangu nilipomwambia hayo alicheka, akaniuliza nani atakunywa chai saa nne bila kitafunwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Serikali ilishaweka kanuni tangu mwaka 2011 kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, chuma kikiwemo. Mimi niliye mjini nikinunua unga wa pakiti ninaupata. Kijijini mahindi na muhogo vinasagwa kwenye mashine ya jirani, na hakuna anayeongeza kitu zaidi ya vumbi. Mwenye uhitaji mkubwa ndiye unga wake haujafikiwa.

Turudi kwenye 6.8. Alipewa rufaa kwenda hospitali. Kipimo cha malaria kikaonyesha vimelea, ingawa hakuwa na joto. Akatibiwa kwa mseto. Daktari akasikiliza moyo, akaangalia miguu kama imevimba, akasema moyo bado unahimili, hivyo hataongezewa damu siku hiyo. Wiki zimebaki, tuzitumie. Dozi ya chuma ikawa mara mbili ya ile ya kawaida ya kinga. Akapewa dawa ya minyoo. Ndugu wakaambiwa wakatoe damu iwe tayari.

Maneno ya daktari, tuzitumie wiki, nilikwenda nayo nyumbani nikayapigia hesabu. Kidonge cha FEFO, kile tunachokiita cha kuongeza damu, kina kama miligramu 60 za chuma na kiasi kidogo cha foliki asidi. Sehemu ndogo tu ya chuma hicho ndiyo inayoingia mwilini, nyingine inatoka chooni, ndiyo maana choo kinakuwa cheusi. Uboho nao unahitaji muda kuzalisha chembe nyekundu. Ukimeza dozi ya tiba bila kuruka, na hakuna malaria inayobomoa upande wa pili, wingi wa damu unapanda kama gramu moja kila wiki mbili au tatu. Kutoka 6.8 hadi 11 ni gramu nne na zaidi. Hiyo ni miezi miwili ukiwa na bahati, mitatu ukiwa binadamu wa kawaida. Yeye alikuwa amebakiwa na wiki tisa.

Angeanza wiki ya 12, siku aliyorudishwa mlangoni, angekuwa na wiki 28. Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki hizo 12, na mahudhurio yote yafike manane, tangu lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2016. Chuma hakina njia ya mkato, labda ile ya sindano ya mshipani, ambayo zahanati ya kijijini haina. Ukichelewa, unachoweza kufanya ni kupunguza hatari, huwezi kurudisha wiki.

Tulikubaliana ahamie kwangu. Daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa limeshafunguliwa, na nashukuru, maana enzi za kivuko nimeshuhudia gari la wagonjwa likipiga king'ora huku maji yakiwa katikati na pantoni iko ng'ambo. Sasa kutoka Sengerema unavuka kwa dakika chache. Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa za kusubiri foleni, na mwenye damu ndogo hana hata hizo chache alizonazo mwenzake. Wanasema mililita 500 zikitoka baada ya kujifungua hiyo ni hatari. Lakini mwenye damu ya 12 anaweza kupoteza hizo akaamka akaomba uji. Mwenye damu ya sita anaweza asifike hapo.

Kuhusu vidonge nilidhani najua kila kitu, mimi ninayeviuza. Siku ya kwanza akameza, akaniangalia.

"Shangazi, vinanuka chuma."

"Ni chuma, mwanangu."

"Na Mama Nani kule nyumbani alisema vinamkuza mtoto, nitashindwa kumtoa."

Hilo la mtoto kuwa mkubwa nimelisikia dukani tangu nianze kazi, kutoka kwa wanawake wa kila umri. Lakini kwa binti mwenye nyonga za miaka 16, ambaye kila mtu amemtisha kwamba atapasuliwa, si uvumi wa kupuuzwa kwa kicheko. Ni hofu yenye akili. Anaona njia ni nyembamba, anaambiwa kidonge kinanenepesha mtoto, anakitupa. Ningekuwa yeye ningekitupa. Nikamweleza kwamba mtoto hanenepeshwi na FEFO. Kinachotokea ni kwamba mama mwenye damu ndogo sana huelekea kuzaa mtoto mdogo mno au kabla ya wakati, na mtoto mdogo mno ana shida zake. Sijui kama aliniamini siku hiyo. Alimeza.

Kichefuchefu tulikitatua kwa kumeza usiku kabla ya kulala, na maji ya limau badala ya chai. Choo kigumu tukakipunguza kwa mapapai na maji mengi. Kiungulia kikimpata anataka vidonge vya kutuliza tumbo, vile vyeupe vya kutafuna, na hivyo tukavitenganisha na FEFO kwa saa kadhaa kwa sababu vinazuia chuma kuingia. Pemba tulipambana nayo. Sikuificha, nilimwambia kila kipande anachotafuna kinameza na kidonge chake. Alipunguza. Damu ilipoanza kupanda uchu wenyewe ukapungua.

Majirani nao walikuja na juisi. Ya majani ya matembele yaliyochemshwa, ya rozela, ya bitiruti. Watu wanapenda kitu chekundu kwa damu. Sikumzuia, rozela ina uchachu ambao hauna ubaya na matembele ni mboga nzuri. Lakini binti mwenye 6.8 akiambiwa anywe rozela badala ya vidonge, mtu huyo anamdhuru kwa upendo. Mayai ndiyo yaliyoleta ugomvi: bibi mmoja alikuja kumsalimia akamkuta anakula, akasema mtoto atazaliwa bila nywele. Nikamwambia bibi, nywele zitaota.

Niseme na hili kwa sababu nalikuta dukani kila mara. Kuna vidonge vya foliki asidi peke yake, vya miligramu 5, vya njano. Watu hununua wakidhani kadiri dawa inavyokuwa na nguvu ndivyo inavyokuwa bora kwa mjamzito. Dozi kubwa hiyo inapunguza nguvu ya SP ya kuzuia malaria, na haina chuma hata kidogo. FEFO ina foliki ndogo, miligramu 0.4, hiyo haina shida na SP. Kama hujaandikiwa na daktari kwa sababu maalumu, viache hivyo vya njano.

Damu ya kuandaa ndiyo ilinionyesha ukoo wangu. Wanaume wazima, wenye afya, wanaobeba magunia, kila mmoja akawa na sababu. Huyu nguvu zitamwisha, yule alishawahi kuzirai akiona sindano, mwingine group yake haifanani. Group haina haja ya kufanana. Damu unayotoa inakwenda kwenye akiba, mgonjwa anapewa inayomfaa kutoka kwenye akiba hiyohiyo. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda hapa Mwanza, na wanapima kila chupa kabla haijamfikia mtu. Waliotoa mwishowe ni mjomba wa binti na jirani yangu wa kupanga, kijana wa bodaboda ambaye hatuna udugu naye. Kaka alitoa nauli.

Wiki ya 37 walimpima: 9.1. Nilifurahi, ingawa bado ni upungufu. Alijifungua hospitali, kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike wa kilo 2.4, uzito ulio chini kidogo ya kile wanachokitaka. Mkunga alisubiri kidogo kabla ya kubana kitovu. Baadaye nilimuuliza, akasema dakika moja hadi tatu za kusubiri zinampa mtoto damu iliyobaki kwenye kondo, na damu hiyo ndiyo akiba yake ya chuma kwa miezi ya kwanza. Mtoto wa mama mwenye damu ndogo anaihitaji kuliko wengine. Binti alivuja damu zaidi ya kawaida, wakamchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, wakamwekea chupa moja. Akakaa, akaomba uji.

Watu wengi hapo hufunga kitabu. Mama mzima, mtoto mzima, sherehe. Lakini ghala bado ni tupu, tena limechotwa zaidi. Ameendelea na vidonge baada ya kujifungua, ananyonyesha, na kitu kitakachomrudisha kwenye sita haraka kuliko kingine chochote ni mimba nyingine kabla mwili haujajijaza. Ushauri wa wataalamu ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Kwa hiyo kabla ya mtoto kutimiza miezi miwili nilimpeleka akawekewa kijiti mkononi. Yeye mwenyewe alikitaka, aliuliza maswali mazuri kuliko mimi.

Kaka alipojua aliwasha moto. Akasema ninamfundisha umalaya, kwamba binti aliyeteleza mara moja anatakiwa afunzwe haya, si apewe ruhusa. Nikamuuliza haya alikuwa nayo kiasi gani alipokuwa anakaza kanga tumboni hadi wiki ya 31, na zilimsaidia nini. Hakujibu, akakata simu.

Shuleni anaweza kurudi. Tangu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyekatisha masomo kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na mwalimu mkuu wa shule moja hapa mjini amempokea kidato cha pili bila maneno mengi. Mtoto anabaki na mimi dukani mchana, analala nyuma ya kaunta. Kaka anasema nimemharibia mtoto. Wifi anatuma dagaa kila wiki kwa basi, waliokaushwa vizuri, na kila mara anauliza swali lilelile, safari hii akijua jibu linatakiwa liwe ngapi. Kipimo cha mwisho kilikuwa 11.4.

Barua ya mwenyekiti bado inadaiwa kwenye ile zahanati. Nimekwenda kuongea na muuguzi wa zamu, dada mpole, aliyechoka, peke yake na foleni ya wanawake hadi nje. Akasema yeye anapokea mabinti bila barua siku ambazo hakuna mkubwa anayemuangalia, na kwenye nafasi ya jina la mwenza anaandika mstari tu. Nikamwambia aendelee na mistari.